Hadithi Kumi na Nne na Barua Moja

Mhariri alinikabidhi bahasha nene. Ndani mlikuwa na hadithi fupi kumi na nne zilizotumwa na wasomaji wetu, zote juu ya wakimbizi. "Zisome, uzihakiki, na usimwogope mtu," akaniambia. Nimezisoma zote, nyingine mara mbili, nyingine ndani ya matatu huku konda akinidai nauli. Majina sitataja. Wenyewe mtajijua.

Nianze na sifa, maana ziko. Kiswahili cha vijana hawa kimeiva kuliko nilivyotarajia. Dada mmoja ameeleza foleni ya saa kumi na moja alfajiri nje ya ofisi ya usajili, watu wamejifunika mashuka, mtu anamshikia mwenzake nafasi kwa kuweka jiwe, hata nikasikia baridi miguuni. Kijana mwingine amemchora mama Msomali anayehesabu watoto wake kila basi linaposimama. Hayo ni mambo ya mtu aliyetazama kwa macho yake.

Lakini kati ya hadithi kumi na nne, tisa zinaishia mahakamani, na zote tisa zimeingilia mlango mmoja. Mkimbizi amenyimwa hifadhi. Anapanda kizimbani. Anasimulia yaliyompata tangu mwanzo: kijiji kinateketea, mama anaanguka mtoni, mtoto anabaki na kiatu kimoja. Ukumbi mzima kimya. Jaji anavua miwani, anafuta jicho, anagonga nyundo na kusema, "Nimekuamini." Makofi. Mwisho.

Sasa niambieni, mahakama hii iko wapi? Nyundo hiyo mmeiokota kwenye sinema za Marekani, na nyundo ningewasamehe. Ninachoshindwa kusamehe ni kwamba mmempa jaji kazi isiyo yake, na kwa kufanya hivyo mmeipoteza hadithi yenyewe, ambayo ilikuwa imekaa pale pale mezani, ndani ya faili.

Twende polepole. Mtu anapoomba hifadhi na kukataliwa, kwa kawaida huwa na ngazi ya rufaa, na huko anaweza kubishania ukweli wa mambo. Mapitio ya mahakama ni kitu kingine. Jaji wa mapitio haanzi kwa kuuliza kama huyu mtu anasema kweli. Anamgeukia aliyemkatalia: Je, ulimpa nafasi ya kujieleza? Uliyaangalia yote aliyokuletea, au ulichagua yaliyokufaa? Sababu ulizoandika zinaweza kufuatwa na mtu mwenye akili timamu toka mwanzo hadi mwisho? Mkimbizi mwenyewe mara nyingi hafungui kinywa. Kuna hati za kiapo, kuna kurasa zilizotiwa namba, na kuna mawakili wawili wanaobishana nusu siku juu ya aya moja ya barua. Kwa lugha yetu ya darasani ya uhakiki: afisa ndiye aliyeisoma hadithi, na jaji anahakiki usomaji wake.

Mtu akishinda, hapewi hifadhi na jaji. Uamuzi unatenguliwa, faili linarudi, anasomwa upya. Anaweza kusomwa upya na kukataliwa tena. Hakuna makofi.

Mtasema hayo ni makavu. Eti wapi damu, wapi machozi? Basi kumbukeni kilichoko upande wa pili wa karatasi. Ibara ya 33 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini. Mkataba wa nchi huru za Afrika wa 1969 unaongeza kwamba hata kumzuia mpakani, akalazimika kubaki kwenye hatari, ni marufuku. Kanuni hii ya kutomrudisha mtu kwenye hatari ni ya ajabu kwa sababu kosa lake halisahihishwi. Ukimnyima mtu leseni kimakosa, kesho utampa. Ukimrudisha kimakosa, kesho yake pengine hayupo wa kupewa. Ndiyo maana aya moja ya barua inaweza kubeba uzito kuliko kijiji kizima kinachoteketea katika ukurasa wenu wa kwanza.

Nitawapa mfano, na itabidi niwapeleke London, ila msihofu, njia yake inapitia kwetu. Mwaka 1987 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, liliamua kesi inayoitwa Bugdaycay. Zilikuwa rufaa kadhaa zilizosikilizwa pamoja. Mmoja wa warufani alikuwa Mganda aliyefika Uingereza akitokea Kenya. Waziri wa Mambo ya Ndani alimnyima hifadhi na kupanga kumrudisha, siyo Uganda, bali Kenya. Hoja ya serikali ilikuwa nyepesi kusoma: Kenya imetia sahihi Mkataba, kwa hiyo Kenya haitamtupa. Yule mtu akasema, hapana, Kenya imewahi kuwakabidhi wakimbizi wa Kiganda kwa serikali ya kwao, na mimi nitafuata njia hiyo hiyo.

Malodi hawakusema "tunamwamini." Walichosema, Lodi Bridge akiongoza, ni kwamba uamuzi ukigusa uhai wa mtu, misingi yake haina budi kuchunguzwa kwa makini kuliko uamuzi mwingine wowote. Wakaichunguza. Wakaona imani ya waziri juu ya Kenya ilijengwa, angalau kwa sehemu, juu ya kutoelewa mambo yaliyokuwa yametokea, na kwamba swali la hatari ya kupokezwa mkono kwa mkono mpaka Uganda halikupimwa inavyopasa. Uamuzi ukatenguliwa. Wale warufani wengine, akiwemo yule ambaye kesi ina jina lake, walishindwa. Jina linalotajwa na mawakili mpaka leo ni la mtu aliyerudi nyumbani mikono mitupu, na aliyeshinda amejificha katikati ya kurasa. Mwandishi gani wenu angethubutu kumaliza hivyo?

Mimi nilipousoma uamuzi ule kwa mara ya kwanza niliona haya kidogo, nikiwa Mkenya. Katika hadithi zenu tisa Kenya ni mlango wa usalama, Mungu ibariki. Katika karatasi ile Kenya ni swali. Nchi yetu imekaa pale kama mhusika ambaye tabia yake inatiliwa shaka, na sahihi yake kwenye mkataba haitoshi kumsafisha. Huo ndio usawiri wa wahusika, jamani, tuliofundishwa kidato cha tatu na kuusahau kidato cha nne.

Swali hilo lilirudi Afrika Mashariki kwa kishindo. Serikali ya Uingereza iliazimia mwaka 2022 kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda, wakaombee huko. Mahakama Kuu ya kule ikaubariki mpango, Mahakama ya Rufaa ikaukataa kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, na tarehe 15 Novemba 2023 Mahakama ya Juu, majaji watano kwa sauti moja, ikausimamisha. Someni walichokitazama. Hawakuridhika na ahadi zilizoandikwa kwa wino mzuri. Waliangalia mwenendo: yaliyowapata watu waliotumwa Rwanda kutoka Israeli chini ya makubaliano ya miaka ya 2013 hadi 2018, ambao baadhi yao walisukumwa kimyakimya kuvuka kwenda Uganda, na takwimu za shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa kwamba katika miaka ya 2020 hadi 2022 waombaji kutoka Syria, Yemen na Afghanistan walikataliwa Rwanda wote, asilimia mia. Na hapa majaji walikwenda mbele kuliko mapitio ya kawaida, wakasema swali la hatari ya kurudishwa ni la mahakama yenyewe kulipima, haitoshi kuuliza kama waziri aliliona kwa akili.

Kilichofuata ndicho kichekesho chenye uchungu. Aprili 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowaagiza watoa uamuzi wote, mahakama zikiwemo, waichukulie Rwanda kuwa nchi salama. Fikiria mhakiki anayepokea riwaya pamoja na agizo kwamba mwisho wake ni mzuri, marufuku kusema vinginevyo. Uchaguzi ukaja, serikali ikabadilika, na Julai 2024 mpango ukatupwa. Lakini nyinyi mnaotafuta maudhui, mnayatafutia wapi zaidi ya hapo? Kuna watu waliogopa msomaji kiasi cha kumtungia sheria!

Nasi hapa tunayo ya kwetu. Februari 2017 Jaji John Mativo alitengua agizo la serikali la kufunga kambi ya Dadaab, kesi iliyoletwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya pamoja na Kituo cha Sheria. Maisha ya mamia ya maelfu ya watu yaligeuka kwa hoja kwamba agizo lilikuwa la kibaguzi na halikufuata katiba. Hakuna mkimbizi aliyepanda kizimbani kueleza habari za mto.

Wengine mmejitetea mapema. Katika barua iliyoambatana na hadithi yake, kijana mmoja ameandika kwamba amemfuata Abdulrazak Gurnah. Lo! Nami nampenda Gurnah, na riwaya yake ya mwaka 2001, By the Sea, naiona bora kuliko zote alizoandika juu ya safari hii. Lakini umefuata nini? Mle mzee wa Kizanzibari anatua Gatwick na hati yenye jina lisilo lake, ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Afisa anapekua mzigo wake, anakuta kijisanduku cha udi, na anakichukua. Kikao chenyewe kinachomwamulia hatima hakina nafasi kubwa kitabuni. Ukali wote uko kwenye meza ya uwanja wa ndege, mtu mmoja anamsoma mwenzake vibaya na mwenzake anakubali kusomwa vibaya kwa sababu zake. Wewe, ndugu yangu, umechukua udi ukaacha meza.

Nimewachapa vya kutosha. Sasa zamu yangu, kwa kuwa sina haki ya kusema haya bila kutoa yaliyonikuta mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita mtaani kwetu alihamia fundi cherehani kutoka Uvira. Tulimwita Papa, kama wenyewe wanavyoitana. Alishona vitenge kwenye kibanda cha mabati, mashine moja, kiti kimoja cha wateja. Akajua mimi naandika, kwa maana kila mtu mtaani alijua na kunicheka. Siku moja akanijia na karatasi tupu. Aliambiwa alete maelezo yake kwa Kiingereza, yaingie kwenye faili kabla ya mahojiano. "Mtoto yangu," akasema, "wewe unajua maneno."

Alinisimulia jioni tatu, mashine ikiendelea kulia. Alisimulia kavu. Watu walikuja usiku, mwezi wa saba, wakamchukua ndugu yake, wakasema watarudi. Yeye akatokea mlango wa nyuma. Basi. Nilimuuliza hali ya hewa, harufu, sauti. Akanishangaa. Nikaenda nyumbani nikaandika. Na kwa vile nilikuwa mwandishi, nikaona usiku ule umepungukiwa. Nikaunyeshea mvua. Mvua kubwa juu ya mabati, ikifunika kishindo cha viatu. Niliiona ile sentensi nikajipongeza peke yangu. Nilipomsomea kwa Kiswahili niliiruka, sijui kwa nini, labda nilijua.

Barua ya kukataliwa ilikuja baada ya miezi mingi, kurasa nne. Ofisi siitaji. Ukurasa mmoja na zaidi ulikuwa juu ya mvua. Mwombaji anasema katika maelezo yake ya maandishi kwamba ilinyesha sana. Katika mahojiano anasema alikimbia kwenye vumbi. Mwezi wa Julai Uvira ni kiangazi. Kwa hiyo masimulizi yake hayaaminiki. Halafu ndugu. Kwenye mahojiano ya kwanza mkalimani alitafsiri "ndugu" kuwa kaka wa tumbo moja. Kwenye ya pili Papa alisema "mtoto wa baba mdogo," ikatafsiriwa binamu. Mwombaji amejipinga juu ya mtu wa karibu kabisa na tukio. Wewe na mimi tunajua ndugu ni nani. Aliyeandika barua hakuuliza.

Nilimpelekea Papa habari ya mvua mwenyewe. Hakunigombeza. Alizima mashine, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nikiwa pale, akauliza, "Mvua ilitokaka wapi, mtoto yangu?"

Tukampata wakili wa msaada wa bure, mama mmoja mwembamba mwenye kikohozi. Mimi nilikwenda nimejiandaa. Nilikuwa na maelezo mapya kurasa kumi na mbili, hadithi nzima, mara hii bila mvua na machozi mengi zaidi. Hakuyagusa. Alisema, "Hadithi ameshasimulia. Nipe barua." Akaisoma na kalamu nyekundu kama mwalimu. Alipofika mwisho akaniuliza ni mistari mingapi imesema kitu juu ya yatakayompata akirudi Uvira. Nikahesabu. Mitatu. Na juu ya wale watu kusema watarudi, je? Nikatafuta. Hakuna. Na wapi afisa amemwambia Papa juu ya kutofautiana kwa mvua na vumbi, akampa nafasi ya kujibu, kabla ya kumhukumu? Hakuna.

Ibara ya 47 ya Katiba yetu ya 2010 inampa mtu haki ya kuandikiwa sababu pale haki yake inapoguswa na uamuzi wa kiutawala. Nilikuwa nimeisoma ibara hiyo nikaiona ya makarani. Siku ile niliielewa kwa namna nyingine. Bila sababu za maandishi wakili asingekuwa na cha kusoma. Yule mama alijenga kesi nzima juu ya nafasi tupu: mahali ambapo barua ilipaswa kusema kitu na haikusema. Mvua yangu aliikiri ukurasa wa kwanza, kwa kiapo changu mimi, kwamba mwandishi wa maelezo aliongeza jambo ambalo mwombaji hakulisema. Nilitia sahihi hati hiyo mkono ukitetemeka. Ndiyo maandishi yangu ya kwanza kusomwa na mtu mwenye uwezo wa kuamua kitu, na yalikuwa aya tano zisizo na tamathali hata moja.

Kesi haikufika kusikilizwa. Ofisi ilikubali kumhoji upya, mkalimani mwingine, maelezo mapya. Papa hakunikwepa, na hilo mpaka leo linanisumbua kuliko angenikwepa. Alinijia tena na karatasi. "Sasa utaandika vile nasema," akaniambia. Nikaandika vile anasema. Vumbi. Mwezi wa saba. Mtoto wa baba yake mdogo. Ikawa ukurasa mmoja na robo. Hajapata jibu. Mashine inalia kila nikipita.

Narudi kwenye bahasha. Nimempendekezea mhariri achape mbili. Moja ni ile ya foleni ya alfajiri, mradi dada akubali kuikata pale jiwe linapookotwa, kabla hajaanza kuitafutia mahakama. Ya pili ndiyo iliyonipa moyo. Msichana anafanya kazi saiba. Mteja anakuja kutoa nakala ya barua ya kukataliwa hifadhi, ana pesa za kurasa tatu, barua ina nne. Inabidi wachague, yeye na mteja, ukurasa upi uachwe, nao hawajui wakili atautaka upi. Wanaanza kuisoma barua pamoja, wamesimama, mashine imepashwa moto, foleni nyuma yao inalalamika. Hadithi inakwisha wakiwa ukurasa wa pili.

Mwandishi wake ameniandikia kuomba radhi eti haikufika kortini. Ninamwomba asiguse neno, isipokuwa bei ya nakala, ambayo ameiweka chini mno.